Masika Yaingiapo Singida

Mtu wa pwani asemapo masika hukusudia mvua kubwa za Machi mpaka Mei, na vuli kwake ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka. Ana mvua mbili, na ya kwanza ikimtupa huweza kuitumainia ya pili. Mtu wa Singida amenyimwa nafasi hiyo. Mwaka wake umekatwa vipande viwili tu: kiangazi, ambacho huanza Mei na kuendelea hata Novemba, na masika, ambayo huingia mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba na kuaga Aprili. Katika kipande hiki cha pili hushuka, kwa mwaka wa kawaida, mvua ya milimita 500 mpaka 800, na karibu kila kitakacholiwa nyumbani hata masika mengine hutoka katika maji hayo.

Vitabu vya nchi za baridi husifu majira ya machipuko, yaani wakati theluji iyeyukapo na miti kuvaa majani. Singida nayo ina machipuko yake, lakini huja kwa namna ambayo msomaji wa vitabu hivyo hakuitazamia. Wakati ardhi ivaapo kijani, kihenge huwa kimekwisha fagiwa. Neema huonekana kwa macho miezi mitatu au minne kabla haijafika kinywani, na katika miezi hiyo mkulima huwa na furaha ya kuona na taabu ya kungoja kwa wakati mmoja.

Oktoba nyanda hizi huwa na rangi ya majivu. Upepo huamka pamoja na jua, ukachukua vumbi na kulitia majini, katika unga na machoni. Majabali yaliyouzunguka mji wa Singida hushika joto la mchana hata usiku. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, yenye maji ya chumvi, hurudi nyuma na kuacha ukingo mweupe. Wanawake huchimba mchanga wa mito mikavu kutafuta maji, na kila wiki shimo huzidi kwenda chini. Kuelekea Manyoni na Itigi, hata hivyo, miyombo hufanya jambo la kustaajabisha: huchipua kabla ya mvua. Majani machanga hutoka na rangi ya shaba, na nyuki, ambao asali yao imelipatia eneo lile sifa, hutoka mizingani kwa kishindo. Mgeni akiona hayo hudhani kuwa masika yamekwisha fika. Mwenyeji hadanganyiki. Mti una mizizi mirefu na akiba yake chini ya ardhi. Uwele hauna kitu ila mvua ya mwaka ule ule.

Kazi ya masika huanza katika ukavu huo. Samadi hutolewa zizini na kutandazwa shambani, na asiye na ng'ombe hulima ardhi iliyochoka. Harold Schneider, mtaalamu wa Kimarekani aliyetoa kitabu juu ya uchumi wa Wanyaturu mwaka 1970, alieleza kwa urefu jinsi ng'ombe na nafaka walivyofungamana katika nchi ile: zizi hulisha shamba, na shamba likizidisha hununua ng'ombe wa kuongeza zizini. Bibi yeyote wa Unyaturu angeweza kumweleza habari hiyo kwa maneno machache zaidi, lakini yafaa kuwa imeandikwa.

Bibi mmoja wa namna hiyo anaishi katika kijiji kilicho mwendo wa nusu siku kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka barabara ya lami iendayo Dodoma. Umri wake haukuandikwa popote. Hujulikana tu kwamba mwaka 1963, mkoa wa Singida ulipoanzishwa, yeye alikuwa msichana wa kuchunga ndama. Mwanawe amejenga nyumba ya bati, naye amealikwa mara nyingi kuhamia humo, akakataa kila mara kwa adabu. Hukaa katika tembe, nyumba ya zamani yenye paa la udongo lililotandazwa juu ya miti na fito, na sababu yake ni meko. Juu ya meko yale hutundikwa masuke ya mbegu yaliyofungwa mafungu mafungu, ili moshi uyapake weusi na kuyakinga na fukusi. Nyumba ya bati ni safi, nayo haina mahali pa moshi.

Msimu mmoja wa karibuni mafungu yalikuwa kumi na manne: tisa ya uwele na matano ya mtama. Novemba ilipofika kati, hiyo ndiyo nafaka pekee iliyobaki katika nyumba zile mbili, zenye watu wazima watatu na watoto wanne. Chakula kilinunuliwa sokoni kwa fedha za kuku. Kuku wa Singida wana jina, hata Dar es Salaam huulizwa kwa jina la mkoa wao; lakini mchuuzi aliyepita na matenga yake alijua, kama ajuavyo kila mchuuzi, kuwa Novemba kila nyumba huuza kuku na kila nyumba hununua nafaka. Kwa hiyo kile kiuzwacho kilikuwa rahisi na kile kinunuliwacho kilikuwa ghali. Kuku kumi na mmoja waliondoka kwa njia hiyo. Waliobaki ni jogoo na mitetea miwili iliyokuwa ikiatamia.

Ndipo dudumizi alipoanza kulia kichakani, na wazee wakasema mvua i karibu, na vijana wakasema kuwa dudumizi hulia kila mwaka hata mvua isipokuja. Wote walisema kweli.

Mvua ya kwanza ilishuka usiku. Ilitanguliwa na upepo uliogeuka ghafla, kisha harufu, ile harufu ya udongo mkavu uguswapo na maji, ambayo mtu aliyelelewa bara hawezi kumweleza mtu mwingine wala kuisahau. Katika nyumba ya bati watoto waliamka kwa kelele za matone na wakapiga vigelegele wakiwa kitandani. Katika tembe mambo yalikuwa mengine. Paa la udongo lililokauka miezi saba huwa limejaa nyufa, na maji yale yale yaliyoombwa tangu Mei yaliingia ndani bila kubisha hodi. Bibi aliamka gizani. Kwanza alishusha mafungu ya mbegu akayafunika kwa ngozi, kisha akaokoa unga, kisha kuni, kisha mkeka. Mwisho alijiweka mwenyewe pembeni palipokuwa pakavu na kukaa hata asubuhi, sufuria mbili na ungo vikipokea maji mbele yake. Mwanawe alipokuja kumwona alimkuta akicheka peke yake.

Asubuhi ya mvua ya kwanza kijiji huwa na sauti nyingine. Watu husalimiana kwa nguvu kutoka shamba hata shamba, hata wale walionuniana tangu mavuno. Kumbikumbi hutoka vichuguuni, mabawa yao yakijaa kila mahali, na watoto huwakusanya na kuwakaanga bila mafuta, kwani wana mafuta yao. Jongoo hupita njiani kwa utaratibu wa maafisa. Kwa kuwa shule hufungwa Desemba, mikono ya watoto hupatikana siku zote wakati ihitajikapo, na huenda mpangaji wa kalenda ya shule alikuwa na shamba.

Lakini mkulima hana budi kuamua siku ile ile. Je, hii ndiyo mvua, au ni mjumbe wake tu? Katika uamuzi huo hapana msaada wa kutosha. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu, za Novemba mpaka Aprili, kabla hazijaanza, na redio huutangaza, na watu huusikiliza kwa makini. Utabiri husema juu ya nchi pana. Mvua ya Desemba, hapa, hunyesha shamba la huyu na kuruka la jirani yake, na mpaka wake huonekana njiani: upande huu tope, upande ule vumbi.

Mwana alikuwa na hoja yake. Hakuwa na maksai wa kutosha. Plau huvutwa na jozi, naye alikuwa na mmoja. Aliunganisha nguvu na jirani, wakapeana zamu.

"Mama," alisema, "ng'ombe tunao leo na kesho tu. Tukiiacha zamu hii, itarudi baada ya wiki mbili."

Bibi alikuwa ameinama shambani, mkono wake umeingia ardhini. Aliutoa akauonyesha. Unyevu ulikuwa umefika kwenye kiganja; juu yake, kwenye kifundo, palikuwa na vumbi la pembeni lililoporomoka.

"Ng'ombe nimewaona, mwanangu. Na maji nimeyapima. Hayajalala chini."

"Wengine wamekwisha anza kulima."

"Nawasikia."

Hapo palikuwa na watu wawili, na kila mmoja alikuwa na haki. Apandaye mapema, mvua ikiendelea, huvuna kabla jua la Februari halijachoma. Maana mara nyingi katikati ya masika mvua hukatika kwa majuma kadhaa, na uwele uliochelewa hukutwa bado mchanga. Achelewaye huokoa mbegu na kupoteza msimu. Awahiye huokoa msimu na huenda akapoteza mbegu. Wataalamu wa kilimo wameyaandika haya kwa majedwali. Katika nyumba ile yaliandikwa kwa mafungu yaliyokuwa juu ya meko. Bibi hakubishana mbele ya wajukuu. Alikwenda ndani akatoa mafungu matano ya uwele, akampa mwanawe kwa mikono miwili, na mtama hakuugusa.

Siku mbili zile zilikuwa njema. Asiyepata kufuata plau katika ardhi iliyolowa, miguu mitupu ikizama katika mfereji ulio baridi, amekosa jambo moja la maana katika maisha. Walakini maksai walikuwa mifupa. Ni msiba wa nchi ile kwamba ng'ombe hutakiwa kufanya kazi iliyo nzito kuliko zote mwishoni mwa kiangazi, wakati majani yamekwisha na ngozi imewashika mbavu. Mmoja alipiga magoti mara tatu. Walimfungua, wakangoja, wakamfunga tena, na mke wa mwana, aliyekuwa akipanda nyuma ya plau, alisimama kila mara na mbegu mkononi mpaka ng'ombe ainuke.

Baada ya juma moja ardhi ilikuwa imevaa. Katika furaha zote za wakati ule, ile inayokumbukwa zaidi na watu wa Singida walio mbali ni mlenda mbichi. Miezi yote ya kiangazi mlenda huliwa mkavu, majani yaliyoanikwa na kutwangwa yakawa unga. Ni chakula kizuri, na msomi aliyeko mjini huagiziwa kifurushi chake kwa basi na kukipokea kwa heshima. Ila mlenda uliochumwa asubuhi ukingoni mwa shamba, wenye umande, ukapikwa na karanga kidogo, hauagizwi. Hauna budi kufuatwa ulipo. Wajukuu walirudi na ungo uliojaa mara mbili kwa siku. Ngombe mmoja aliyekuwa amezaa alianza kutoa maziwa ya kutosha kikombe. Maji yalikuwa karibu, katika kila bonde, na kwa sababu yalikuwa karibu yalinywewa jinsi yalivyo, na matumbo ya watoto yakaugua. Mbu nao walikuwa wameamka. Mtoto wa mwisho alishikwa na homa usiku wa kumi, na pikipiki iliyompeleka zahanati na mama yake ilikwama katika udongo mweusi wa mbugani, uliotelezwa na mvua ile ya kwanza. Mama alimbeba mgongoni sehemu iliyobaki. Alipona. Haya nayo huja na kijani, na hakuna ayahesabuye kuwa ni ajabu.

Kisha mvua ikakatika.

Siku ya tano bila mvua hakuna aliyesema neno. Siku ya tisa mawingu yalikusanyika upande wa mashariki, yakapita. Siku ya kumi na mbili miche ya uwele, iliyokuwa na urefu wa kidole, ilianza kujikunja adhuhuri na kujifungua jioni. Siku ya kumi na sita haikujifungua. Mwana aliacha kwenda shambani mchana. Alikwenda magharibi, jua likishuka, saa ambayo watu hawamtazami mtu usoni. Vibarazani mazungumzo yalirudi katika habari za kale, kama yafanyavyo mvua ikosapo. Upande wa Manyoni wazee hutaja Mtunya, njaa kuu ya Ugogo ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, wakati majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipochukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakosa. Walioiona hawapo tena. Jina lake limebaki, na watoto wa leo hulijua. Wengine, ili kuleta uwiano, walikumbusha mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, zilizokataa kukoma. Mvua ya Singida hulaumiwa kwa pande zote mbili.

Siku ya kumi na saba mke wa mwana aliingia katika tembe kuomba moto. Alipoupata hakutoka. Mtoto aliyekuwa ameugua alikuwa akila mlenda mtupu siku mbili, na mlenda pasipo ugali hautii nguvu mwilini. Macho ya mama yake yalikuwa yameinuka juu ya meko.

"Unataka ngapi?" aliuliza bibi.

"Moja tu, mama. La uji wa mtoto."

Bibi alisimama mwenyewe juu ya kigoda na kushusha fungu moja la mtama. Alilipukuchua katika ungo taratibu, akapepeta moshi na makapi, akatenga punje chache zilizo nono kuliko nyingine na kuzifunga katika pembe ya khanga yake. Zilizobaki alimpa mkwewe. Hapakusemwa kitu kingine. Watu husimulia njaa kwa habari za mizoga na misafara. Lakini njaa hukaa zaidi katika dakika za namna hii, ambamo mtu mwema humwomba mtu mwema kitu, nao wote wawili wakijua kwamba ni cha mwakani.

Mvua ilirudi usiku wa kumi na tisa. Haikuwa na upepo wala ngurumo. Ilianza polepole, ikaendelea hata alfajiri, ikapumzika, ikanyesha tena mchana kutwa. Bibi alihamisha sufuria zake kutoka pembe hii hata pembe ile. Asubuhi ya pili alitoka akatia mkono ardhini mpaka kwenye kiwiko, akautoa ukiwa mweusi wote.

Mwana alikuja mlangoni pa tembe akasimama. Hakuomba.

"Ng'ombe je?" aliuliza mama yake.

"Hawapo, mama. Zamu ni ya mwenzetu. Tutalima kwa mkono."

Basi walitoka wote na majembe: mwana, mkewe, watoto wakubwa wawili, na bibi, ambaye aliambiwa apumzike akajifanya hakusikia. Katika sehemu ya bondeni, palipotandazwa samadi nyingi, theluthi ya miche ya kwanza ilikuwa hai, na mwana aliipita akiwa ameinama, akiihesabu kwa midomo. Mahali pengine walifukua upya mistari ile ile. Jembe la mkono ni chombo cha polepole. Kazi ya siku mbili za maksai iliwachukua siku nane, na mikono ya watoto ilitoka malengelenge, na magugu, ambayo hayahitaji kupandwa mara mbili, yalikuwa yamekwisha watangulia. Mbele yao bado kulikuwa na palizi, na jua la Februari, na makundi ya kwelea kwelea yatakayoshuka juu ya masuke kabla ya mavuno, ambapo watoto watashinda shambani tangu alfajiri wakipiga makopo na kurusha mawe kwa teo. Hayo hayakuzungumzwa. Yaliyozungumzwa ni kama mtetea wa kwanza umeangua, nao ulikuwa umeangua vifaranga tisa.

Jioni ya siku ya nane bibi alirudi mbele ya wengine. Mtama wote ulikuwa umeingia ardhini, pamoja na punje zile za pembe ya khanga. Katika mafungu manne ya uwele aliyokuwa nayo mvua iliporudi, matatu yalikuwa yamekwisha. Alichochea moto, moshi ukapanda kwenye fito zilizolowa, akapanda juu ya kigoda na kulitundika fungu la nne mahali pake. Mwanawe aliingia kuweka majembe, akaliona. Safari hii hakusema kitu. Alichukua sufuria iliyokuwa imejaa maji chini ya ufa, akaimwaga nje, akairudisha.